Shahidi wa Mchanganyiko

Harufu ilikuwa imeshinda sabuni, ikashinda majivu, ikashinda hata moshi wa majani ya mkaratusi ambao mama mkwe aliuwasha mlangoni kila jioni akisingizia mbu. Ininahazwe aliisikia asubuhi hiyo kabla hajafumbua macho. Ilitoka ndani ya blauzi yake mwenyewe, kwenye titi la kushoto, na mtu hawezi kujikimbia.

Aliketi kitandani akafungua kitambaa. Kilikuwa kimegandia kidonda, na alipokivuta kilitoka na ute wa kijani na kipande cha jani lililopondwa. Jani! Binadamu anatoa majani mwilini kama tumbo la mbuzi lililopasuliwa. Aligeuza uso, akatema mate kwenye kopo, kisha akajilazimisha kuangalia tena, maana asipoangalia yeye hakuna mwingine wa kuangalia.

"Leo imetoka nini?" Nestori aliuliza akiwa mlangoni. Siku hizi mumewe haingii chumbani bila sababu, na akiingia anavuta pumzi kwa mdomo, akidhani mkewe hamwoni.

"Usaha."

"Wa rangi gani?"

"Baba Dorcas, si uje uone?"

Hakuja. "Kama ni wa kijani, ni heri. Huo ni uchafu unatoka. Uvimbe unayeyuka huo."

"Uvimbe ulikuwa punje ya haragwe. Sasa ni shimo. Unayeyuka kwenda wapi?"

"Usiipinge dawa, mke wangu. Dawa haipendi kupingwa."

Watu wasije wakamwelewa vibaya huyu Nestori. Si mlevi, si mpigaji, ni mzee wa kanisa, na asali ya mizinga yake inajulikana kuanzia Kibondo mpaka Kakonko. Lakini mtu mwema akishika upumbavu huushika kwa mikono miwili, wala humnyang'anyi. Hospitali ilipowapa barua ya rufaa kwenda Mwanza, kinyama kikatwe kikapimwe, aliikunja akaiweka chini ya godoro na kuanza kuchanganya. Majani machungu ya umubirizi kutoka kwa mama yake. Majani ya mstafeli kutoka Kakonko. Habasoda na manjano kutoka kwa Waislamu wa madukani. Vyote ndani ya asali yake. Alipoulizwa kwa nini asishike dawa moja, alicheka: "Kidole kimoja hakivunji chawa." Na ile ya kubandika akaiongezea utomvu wa mnyaa aliokata kwenye ua wa nyumba, mnyaa uleule ambao ukimrukia mtoto jichoni anakimbizwa zahanati. Ngozi iliyokuwa nzima ikaungua, ikachanika, na kijiji kizima kikaambiwa huo ndio uponyaji.

"Mukazana," aliita mama mkwe, bibi Ndayikunda, maana hivyo ndivyo alivyomwita mke wa mwanawe. "Uji wako nimeuweka hapo."

Hapo palikuwa kizingitini. Kikombe kilikuwa kile cha bati chenye kutu mdomoni, ambacho sasa kilikuwa cha Ininahazwe peke yake. Hakuna aliyetangaza kwamba kimetengwa. Kilitengwa tu, kama bakuli la mbwa. Dorcas, binti yao wa miaka kumi na minne, alikuwa keshahamishia mkeka wake jikoni kwa bibi, na alipokuja kuchukua vitambaa vya kufua alivibeba kwa ncha ya kijiti, macho pembeni. Mama mtu alimwangalia akienda. Hakumlaumu. Hata yeye angetafuta kijiti.

"Nataka kwenda Mwanza," alisema.

Nestori alijifanya anatafuta kofia yake. "Kesho tunakwenda Kasulu. Stanislaus anatungoja. Jumamosi ni siku ya ushuhuda."

*

Stanislaus alikuwa binamu wa Nestori. Zamani alinadi mitumba minadani. Leo anajiita Daktari Stani, na duka lake karibu na soko la Kasulu limejaa chupa za njano za mchanganyiko wa Nestori, zenye picha ya Ininahazwe akitabasamu. Picha ilipigwa miezi minne nyuma, kabla ya shimo. Juu ya picha kumeandikwa: "Nilikuwa nakufa. Sasa nalima."

"Karibu, shemeji! Karibu, shahidi wetu!" alimpokea kwa mikono miwili. Kisha pua ikamsaliti, akarudi nyuma hatua mbili. "Kaa pale kwenye stuli. Pale kuna hewa."

Pale hapakuwa na hewa yoyote. Palikuwa pembeni kabisa, chini ya karatasi iliyotundikwa ukutani. Kila mteja aliyeingia alionyeshwa karatasi hiyo: fremu ya dhahabu, mhuri wa chuo, jina la Nestori na alama ya dole gumba lake. "Chuo kikuu kimethibitisha," Stanislaus alisema kila mara, na wateja wakainamisha vichwa kwa adabu. Wala si wajinga hao. Wengi ni wakimbizi wa zamani waliongoja karatasi ya uraia miaka na miaka, na wazazi wao waliishi na kufa kwa karatasi: ya posho, ya kibali cha kutoka kambini, ya kuhesabiwa. Kwao karatasi yenye mhuri haisomwi, inaheshimiwa. Nestori mwenyewe hakuisoma. Watafiti walifika kijijini kuuliza majani, akawaonyesha, wakampa mahali pa kuweka dole, wakamwachia nakala, naye akaileta kwa binamu yake kama mtu aliyetunukiwa shahada.

Ininahazwe, kwa kuwa hakuna aliyetaka kukaa karibu naye wakazungumza, aliisoma. Mara ya kwanza alisoma kwa uvivu. Mara ya pili alisimama.

"Fomu ya ridhaa ya kushiriki utafiti," ndivyo ilivyoanza. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: "Utafiti huu hautoi tiba. Mshiriki asiache matibabu ya hospitali. Ukiwa na swali, piga namba hii."

Ala! Miezi minne maneno hayo yalikuwa ukutani, chini ya kioo, yanafutwa vumbi kila asubuhi.

Alitoka nje, akaenda nyuma ya duka palipokuwa na madebe matupu ya asali, akapiga ile namba.

"Mwanaamina hapa, kutoka chuoni," iliitika sauti ya mwanamke.

"Mimi ni mke wa Nestori wa Kibondo. Yule aliyewaonyesha majani."

"Aa, mzee wa asali! Shikamoo, mama. Hamjambo huko?"

"Marahaba. Nauliza, mwanangu. Ule mchanganyiko wa majani mmeuthibitisha?"

"Mchanganyiko upi, mama?"

"Karatasi yenu ipo ukutani. Inauza dawa."

"Mama, hiyo ni karatasi ya kukubali kuhojiwa tu. Sisi tulichukua majani tukayajaribu kwenye vichupa vyenye seli za saratani. Mengine yalizipunguza kidogo. Mawili tulipoyachanganya yalizipunguza zaidi, na ndiyo maana tunaendelea. Mengine tulipoyachanganya yaliharibiana. Lakini hicho ni kichupa, mama. Kichupa hakina ini wala moyo. Hata sabuni ya kufulia inaua seli kwenye kichupa. Huenda miaka kumi ijayo tukapata kitu. Huenda tusipate."

"Na mnyaa?"

"Mnyaa wa nini?"

"Wa kubandika kwenye titi."

"Yarabi! Nani kakubandika mnyaa? Una kidonda, mama? Una barua ya rufaa? Nenda, nakuomba. Nenda wiki hiihii. Tena huyo anayeuza..."

Salio likaisha, simu ikakatika. Ininahazwe aliinama kati ya madebe akatapika uji wote wa asubuhi. Kidonda chake alikuwa amekizoea; safari hii kilichomtapisha ni ile picha yake kwenye chupa, na yale meno.

*

"Ulikuwa unajua?" alimuuliza Stanislaus, wateja walipopungua.

"Najua nini, shemeji?"

"Karatasi. Inasema nisiache hospitali."

Nestori aliinuka, akaenda kwenye fremu, akasoma midomo ikicheza. Alifika mwisho akarudia. Alivua kofia. Kwa kitambo kidogo Ininahazwe alidhani mumewe amerudi, yule Nestori aliyemuoa, ambaye aliwahi kurudisha mbuzi sokoni kwa sababu aliuziwa kwa bei ndogo kupita haki.

"Hao wataalamu huandika hivyo kujikinga na serikali," Stanislaus alisema, bila hata kugeuka. "Kila karatasi ina maneno ya hivyo."

"Eeh," Nestori alisema, akakaa. "Ni ya kujikinga." Alilidaka neno hilo kama mtu aliyetupiwa kamba kisimani.

"Nataka nauli," Ininahazwe alisema. "Kesho napanda basi."

"Nauli gani, Mama Dorcas? Asali yote ya mwaka huu imo kwenye hizi chupa. Sina hata senti moja."

Stanislaus alivuta kiti, akakaa mbali kiasi cha kusikika. "Mimi si mnyama, shemeji. Hospitali sikukatazi. Ila shahidi wa dawa akionekana kwenye foleni ya madaktari, chupa zote hizi nimuuzie nani, nyuki? Tufanye hivi. Kesho toa ushuhuda, wa mwisho, wa nguvu. Keshokutwa asubuhi panda basi. Nitakupa nauli ya kwenda na kurudi, na laki mbili ya kula. Ukiulizwa, umekwenda kumsalimu ndugu."

Ininahazwe alimtazama mumewe. Alikuwa anangoja neno moja tu, hata la kijinga, hata "aibu". Miaka kumi na sita wamelala kitanda kimoja.

"Si mara moja tu, Mama Dorcas?" Nestori alisema kwa upole. "Wewe ongea, halafu uende."

Alimdharau hapohapo, na dharau ile haikumwacha tena. Lakini alisema, "Haya," maana barua ya rufaa, aliyoichomoa chini ya godoro akaja nayo, haipandi basi yenyewe.

*

Jumamosi mke wa Stanislaus alimtayarisha kwenye chumba cha stoo. Alimbandika pamba, juu ya pamba mfuko wa nailoni, juu ya nailoni utepe wa gundi, kisha upande ule akaujaza vitambaa ili matiti yawe sawa. Alipomaliza alimmwagia nusu chupa ya marashi. "Vumilia, dada, watu wasije wakakimbia," alisema, mwenyewe akiwa amejifunga khanga puani. Marashi na usaha vikachanganyika, na kilichopatikana kilikuwa kibaya kuliko vyote viwili. Ininahazwe alitembea ndani ya harufu hiyo mpaka sokoni akiona aibu hata mbele ya kuku.

Stanislaus alikuwa ameshika kipaza sauti. "Akina mama! Kisu cha nini? Mzungu anakata, sisi tunayeyusha! Mbona mnajikatakata kama nyanya? Shahidi huyu hapa, si wa kuambiwa!"

Ininahazwe alisema yote aliyofundishwa. Nilikuwa nakufa. Sasa nalima. Namshukuru Mungu na Daktari Stani. Sauti yake ilimrudia kutoka kwenye spika ikiwa nene na tamu, kama ya mtu mwingine anayependa kuongea. Wanawake wakasogea. Bibi mmoja alimbusu mkono. Mwingine alinyoosha vidole kutaka kumgusa titi, apate imani, na Stanislaus akamkinga kwa utani: "Mali ya watu hiyo, mama!" Watu wakacheka. Nestori, aliyesimama na boksi la chupa, akacheka pia.

Ndipo dada mmoja wa ushungi wa zambarau, mtoto mgongoni, akapenya mpaka mbele. "Samahani, mama. Mimi naitwa Asmahani, nauza vitenge mstari wa juu. Nina kauvimbe, kadogo tu, hakaumi. Hospitali wameniandikia Mwanza, na kaka yangu kanikatia tiketi ya kesho. Naogopa kisu, nina mtoto ananyonya. Wewe ambaye yamekupata, niambie kama dada yako. Niende, au ninywe hii kwanza?"

Soko halikunyamaza, soko halinyamazi. Ila waliokuwa karibu walitega masikio. Stanislaus alimsogezea Ininahazwe kipaza sauti mdomoni, akitabasamu, na kwa mkono wa pili akagusa mfuko wa shati lake, ulipokuwa umetuna noti. Kauvimbe kadogo, hakaumi. Punje ya haragwe. Nestori alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Kunywa," Ininahazwe alisema.

"Alhamdulillahi," Asmahani alisema, akafungua pochi.

Baada yake walikuja wengi. Stanislaus alipokea hela, na Ininahazwe akatoa chupa kwa mkono wake mwenyewe, moja baada ya nyingine, kila moja na picha yake, mpaka boksi la mwisho likabaki na makaratasi ya kufungia tu. Wengine walimwambia, "Mungu akuzidishie." Alijibu, "Amina."

*

Jumapili asubuhi stendi ilikuwa na umande na moshi wa mabasi. Nauli ilikuwa kwenye sidiria, upande wa titi zima. Nestori alimbebea mfuko, akamtafutia kiti, kisha akaenda kumnunulia mkate. Ininahazwe alikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi ya basi aliposikia sauti kwenye dirisha la tiketi.

"Nirudishie, kaka. Sisafiri tena. Nimepata dawa."

"Dada, basi linaondoka sasa hivi, nikurudishie vipi?"

"Hata nusu. Nataka niongeze chupa ya pili."

Angeweza kupanda. Hakuna aliyemwona, na Asmahani alikuwa amempa mgongo. Wala asije mtu akasema Ininahazwe alishukiwa na huruma. Kilichomshusha kwenye ile ngazi kilikuwa kinyaa. Alijisikia kinyaa kama kile anachokisikia akifungua kitambaa asubuhi, ila leo hakikuwa kwenye titi, kilikuwa kooni, pale neno "kunywa" lilipopitia. Alirudi akamshika yule dada mkono.

"Mama shahidi!" Asmahani alichangamka. "Na wewe unasafiri?"

"Njoo huku chooni."

"Kuna nini?"

"Njoo, mdogo wangu. Nina kitu cha kukuonyesha."

Alilipia vichwa viwili kwa mama wa mlangoni, akamwingiza kwenye choo cha mwisho, akafunga kitasa. Akafungua vifungo, akabandua utepe wa gundi, nailoni, pamba. Harufu ilijaza kile chumba mpaka mtoto mgongoni akaanza kulia, na mama mmoja choo cha pili akauliza nani kafia humo.

Asmahani aliegemea mlango, ushungi mdomoni. Aliangalia kwa muda mrefu, kwa namna ambayo Nestori hakuwahi kuangalia.

"Jana ulikuwa hivi?"

"Jana nilikuwa hivi. Jana kilikuwa kibaya zaidi, leo nimekiosha."

"Ilianzaje?"

"Kadogo. Hakakuwa kanauma."

"Na ukaniambia ninywe."

"Nilikwambia."

"Mbele ya watu! Nimekuuliza kama dada yangu. Kwa nini?"

"Nilitaka nauli."

Asmahani alimtemea mate. Yalimpata shavuni, yakateremka hadi kidevuni. Ininahazwe hakuinua mkono kuyafuta. Alianza kurudishia pamba. Aliposikia kitasa kinafunguliwa alijua yule dada anakimbilia wapi, akaomba moyoni wasiwe wamekwisha kukiuza kiti chake.

Kiti walikuwa wamekiuza. Asmahani alipiga kelele pale dirishani mpaka konda akashuka: tiketi yake halali, safari yake leo, nguo atatumiwa, barua anayo kwenye pochi. "Basi dada, kipo kimoja," konda alisema akijikuna shingo. "Kila anayekalishwa pale anaomba kuhama. Ukikiweza, panda." Alipanda, akatafuta namba, akaona ni kando ya Ininahazwe, aliyekwisha kurudi kitini. Alisimama kwenye njia ya katikati, mtoto amembeba kifuani, mpaka basi likatingishika. Akakaa kwenye ukingo wa kiti, nusu ya makalio nje.

Nestori alifika dirishani anahema, mkate mkononi. "Usisahau," alinong'ona, "ukiulizwa, ni kumsalimu ndugu." Ininahazwe alimfungia kioo, na mkate ukabaki nje.

Walipita mashamba ya mihogo na migomba, walipita kizuizi cha polisi. Karibu na Kibondo, mtoto aliposinzia, Asmahani aliuliza bila kumgeukia.

"Nilipoondoka jana, mliendelea kuuza?"

"Tuliendelea."

"Chupa ngapi?"

Ininahazwe alizijua. Zilipita mkononi mwake. "Sitini na tatu."

"Unawajua waliochukua?"

Alijaribu. Alimkumbuka bibi aliyembusu mkono. Alimkumbuka mmoja wa kitenge cha bluu aliyekuwa analia kwa furaha, na msichana aliyesema anampelekea mama yake huko kijijini Mabamba.

"Hapana," alisema. "Hata mmoja."

Asmahani alimfunika mtoto pua kwa ncha ya ushungi, akageuzia uso upande wa pili.